Kihisi cha Joto la Moshi Katika Injini ya Dizeli: Kipimwe Kabla ya Kununuliwa Kipya

Mlaji mwenye gari la dizeli huenda siku moja akaona taa ya injini ikiwaka na gari likipungua nguvu. Fundi humweleza kuwa kihisi cha joto la moshi kimekufa, naye hununua kipya. Baada ya siku chache taa huwaka tena. Makala haya yanaeleza vipimo ambavyo mlaji anapaswa kuvidai kabla ya kutoa fedha yake.

Kazi ya kihisi

Kihisi hiki ni kijiti cha chuma kilichofungwa kwenye bomba la moshi, karibu na turbo au chujio la masizi. Gari moja laweza kuwa na kadhaa. Katika aina iliyo ya kawaida, ukinzani wa umeme ndani ya ncha yake hubadilika kadiri joto linavyopanda, na kompyuta ya injini hulitambua joto kwa badiliko hilo.

Chujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi, kazi inayohitaji joto la takriban nyuzi 600 za Selisiasi. Kompyuta isipopata usomaji wa kuaminika, huzuia uchomaji huo ili joto lisizidi na kuharibu vifaa. Masizi hujaa, na nguvu ya injini hupunguzwa. Kasoro ndogo ikipuuzwa huweza kumgharimu mlaji chujio zima, ambalo bei yake ni kubwa kuliko ya kihisi.

Maana ya msimbo

Mashine ya uchunguzi ikionyesha msimbo P0544, P0545 au P0546, maana yake ni kwamba saketi ya kihisi ina hitilafu. Saketi hiyo hujumuisha kihisi, waya, plagi na kompyuta. Msimbo peke yake hauthibitishi kuwa kihisi ndicho kibovu.

Hatua za uchunguzi

1. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi, swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawashwa, fundi asome joto la kila kihisi kwenye mashine. Vyote vikaribiane na joto la hewa. Kimoja kikionyesha baridi kali kupita kiasi au mamia ya nyuzi, saketi yake imekatika au waya zake zimegusana.

2. Waya na plagi zikaguliwe kwa macho. Waya zinazopita karibu na bomba huyeyuka au kuchunika, panya huzitafuna, na plagi hushika kutu.

3. Plagi ichomolewe na ukinzani wa kihisi upimwe kwa mita ya umeme. Aina moja ya platini inayotumika sana huwa na omu 200 kwenye nyuzi 0, na takriban omu 215 kwenye nyuzi 20. Kwa kuwa zipo aina nyingine zenye vipimo tofauti kabisa, fundi afuate mwongozo wa mtengenezaji wa gari husika.

4. Upimwe pia umeme unaofika kwenye plagi kutoka kwenye kompyuta, ambao kwa kawaida ni takriban volti 5. Ukikosekana, kihisi kipya hakitaondoa tatizo.

5. Injini iwashwe. Usomaji upande kwa utaratibu, bila kurukaruka wala kuganda.

Vipimo vyote vikiwa sahihi na joto likaendelea kuwa juu mno, huenda kihisi kinasema kweli. Hapo nozeli, turbo na chujio ndivyo vichunguzwe.

Haki na tahadhari

Mlaji aombe matokeo ya vipimo kwa maandishi kabla ya kukubali bei. Kipuri kipya kiwe na namba inayolingana na gari lake. Cha zamani arudishiwe. Na stakabadhi yenye masharti ya dhamana aitunze. Asikubali kufungiwa kifaa cha kuidanganya kompyuta: taa itazimika, lakini joto la kweli litabaki bila mlinzi.

Mlaji asiyeridhika na huduma aanze kwa kuwasilisha lalamiko lake gereji kwa maandishi. Akikosa ufumbuzi, nchini Tanzania anaweza kulifikisha kwenye Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Karatasi ya vipimo na stakabadhi ndizo zitakazomsemea.