MBWA ANA MAZIWA LAKINI HANA WATOTO: ANGALIA TAREHE

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya afya ya mbwa jike. Huenda utasema, "Mbwa naye ana habari gani ya kuandikwa gazetini, wakati ng'ombe, migomba na chai vinatusubiri?" Lakini fikiri kidogo. Hapa Rungwe, kuanzia Isongole hadi Masoko, ni nani anayekesha nje usiku wakati wewe umelala? Ni nani anayebweka mwizi anapolikaribia banda la ng'ombe wako wa maziwa, au ngedere wanapoingia katika mahindi? Ni huyo huyo mbwa. Tena afya yake inagusa afya ya watoto wako, kama utakavyoona hapa chini.

Yako mambo yanayompata mbwa jike ambayo huwatia watu hofu, na hofu hiyo huwafanya wamwue bure. Mojawapo ni mimba ya uongo.

DALILI ZAKE

Mbwa wako hajazaa. Pengine hata hakupandwa na dume. Lakini ghafla matiti yake yanavimba, na ukiyagusa yanatoa maziwa. Anachimba shimo chini ya migomba na kulitandika majani makavu. Anabeba gunzi la hindi au kiatu kikuukuu, anakilaza kitandani pake na kukilamba kama mtoto wake. Chakula hakitaki. Mtoto wa nyumbani akikaribia shimo lile, mbwa ananguruma na kuonyesha meno.

Hapo ndipo maneno mengi huanza. Mmoja atasema mbwa amerogwa. Mwingine atasema amezaa porini na watoto wameibwa. Wa tatu atasema, "Huyu ana kichaa, leteni rungu." Maneno yote matatu yanaweza kuwa si kweli. Ukweli unaweza kuwa umeandikwa katika daftari lako, kama ulikumbuka kuandika tarehe mbwa alipopata joto.

KWA NINI MWILI HUMDANGANYA

Wewe mfugaji wa ng'ombe unafahamu habari ya joto. Ng'ombe akipata joto asishike mimba, baada ya siku 21 hivi hurudi tena kwenye joto. Mwili wake umekwisha kutambua kwamba hakuna ndama.

Mbwa hakuumbwa hivyo. Kwa kawaida mbwa jike hupata joto mara mbili kwa mwaka, na kila mara joto hilo huchukua wiki tatu hivi. Siku za mwanzo hutokwa damu na kuwafukuza madume. Baadaye damu hupungua rangi naye huwakubali. Joto likiisha, vifuko vyake vya mayai hutoa kichocheo cha kutunza mimba, yaani homoni, kwa muda wa miezi miwili hivi. Hutoa kichocheo hicho awe amepandwa au hakupandwa, awe ameshika mimba au hakushika. Muda huo ni karibu sawa na ule wa mimba ya kweli, ambayo kwa mbwa ni siku 63 hivi.

Kichocheo hicho kinapopungua, kichocheo kingine kutoka katika ubongo huongezeka na kuyaamuru matiti yatengeneze maziwa. Kwa mbwa mwenye mimba, hayo huja wakati wa kuzaa. Kwa asiye na mimba, maziwa huja bila mtoto. Kwa hiyo mimba ya uongo si uchawi, na mara nyingi hata ugonjwa si ugonjwa. Ni mwili unaofuata kalenda yake.

Wanyama wengine wa nchi yetu wanayo hali kama hiyo, tena inawafaa. Mwaka 1991 watafiti waliowachunguza nguchiro wadogo wa Serengeti walichapisha habari zao. Wanyama hao huishi kwa makundi, na kwa kawaida jike mkuu ndiye anayezaa. Watafiti waliona kwamba baadhi ya majike wa chini ambao hawakuzaa walipata maziwa na kuwanyonyesha watoto wa jike mkuu. Mnyama anayeishi kwa kundi hufaidika kwa kuwa na mama wa akiba. Mbwa wetu wa nyumbani naye ametoka katika ukoo wa wanyama wa makundi.

KALAMU NA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa huandika tarehe ng'ombe alipopandishwa. Basi katika daftari hilo hilo, tenga ukurasa mmoja kwa ajili ya mbwa jike.

Tuchukue mfano. Tuseme unaishi karibu na Kiwira, na tarehe 1 Machi umeona mbwa wako anaanza kutokwa damu. Andika tarehe hiyo. Ukimwona na dume, andika tena. Tuseme ilikuwa tarehe 12 Machi. Sasa hesabu.

Kama ameshika mimba, atazaa karibu na tarehe 14 Mei, siku chache kabla au baada yake.

Kama hakushika, dalili za mimba ya uongo mara nyingi zitaonekana wiki sita hadi tisa baada ya joto kuisha, yaani katika mwezi wa Mei huo huo.

Kama damu inaendelea kutoka hata Aprili, hilo si joto tena. Huenda ana uvimbe katika sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wanapopandana. Uvimbe huo unatibika kwa sindano kadhaa za daktari wa mifugo.

Unaona, ndugu msomaji? Tarehe moja tu imekuonyesha njia tatu. Lakini angalia: mbwa mwenye mimba ya kweli na mwenye mimba ya uongo wote wawili hupata maziwa katika mwezi ule ule. Kwa hiyo, kama mbwa alikuwa huru wakati wa joto, usiamue peke yako kwamba mimba ni ya uongo. Mtaalamu wa mifugo mwenye uzoefu anaweza kupapasa tumbo kuanzia wiki ya nne hivi na kukueleza. Na mbwa akisukuma kwa nguvu muda mrefu bila kutoa mtoto, au akitokwa na maji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, tafuta daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

LA KUFANYA WAKATI WA MIMBA YA UONGO

Mara nyingi hali hii huisha yenyewe baada ya wiki mbili au tatu. Kazi yako ni kuuachia mwili upumzike.

1. Usimkamue. Kukamua, kukanda au kusugua matiti huuambia mwili kwamba yuko mtoto anayenyonya, na maziwa yataendelea kuja.

2. Ondoa vitu anavyovilea, lakini mbwa akiwa ametoka mahali hapo. Usimnyang'anye machoni pake, maana anaweza kukuuma.

3. Tembea naye na umpe shughuli. Mbwa aliyefungwa kutwa nzima hukaa akilea gunzi lake.

4. Maji ya kunywa yawepo wakati wote. Ukiona anajilamba matiti mno, mwite mtaalamu.

5. Waeleze watoto wasilikaribie shimo lake wala kumchokoza.

6. Usimpe dawa za binadamu. Dawa za kukausha maziwa zipo, lakini hutolewa na daktari wa mifugo.

Titi likiwa gumu, la moto, jekundu au likitoa usaha, hapo pameingia ugonjwa wa matiti. Wewe unayeujua ugonjwa huo kwa ng'ombe wako hutashindwa kuutambua kwa mbwa. Usichelewe.

USAHA KATIKA KIZAZI

Miezi miwili ile baada ya joto ina hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Kichocheo kile kile kinachotunza mimba hukifanya kizazi kiwe mahali pazuri pa kukua vijidudu. Kizazi huweza kujaa usaha. Ugonjwa huu huwapata hasa mbwa wenye umri mkubwa waliopitia joto mara nyingi.

Dalili zake ni hizi: mbwa anakunywa maji mengi kuliko kawaida na kukojoa sana; hataki kula; anatapika; amelegea; tumbo linajaa. Pengine anatokwa na usaha wenye harufu mbaya nyuma. Lakini zipo nyakati ambapo mlango wa kizazi umefunga na hakuna kinachoonekana nje. Huyo ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Mbwa mwenye mimba ya uongo kwa kawaida ana nguvu, anachimba na kulinda. Mbwa mwenye usaha kizazini amelala, ana kiu, anazidi kudhoofika. Huyu wa pili hawezi kungojea soko la wiki ijayo. Tiba yake kubwa ni kupasuliwa na kutolewa kizazi, na akichelewa atakufa.

USIDHARAU KICHAA CHA MBWA

Tumesema kwamba mbwa mwenye mimba ya uongo anaweza kuwa mkali. Lakini ukali wake una mahali pake: ni pale penye shimo lake na vile vitu anavyovilea. Ukimwita mbali na hapo, anakujua.

Mbwa mwenye kichaa ni tofauti. Huuma bila kuchokozwa, hata kuni na mawe. Huweza kutanga mbali na kwao. Sauti yake hubadilika, mate humtoka, hushindwa kumeza, taya la chini huning'inia, na miguu hupooza. Wengine hawawi wakali kabisa, bali hukaa kimya na kujificha. Akishaanza dalili hizo, kwa kawaida hufa katika muda usiozidi siku 10.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza kwa makini. Daftari halimwondolei mbwa kichaa. Mbwa anaweza kuwa na maziwa ya mimba ya uongo na wakati huo huo akawa ameumwa na mbwa mwenye kichaa wiki kadhaa zilizopita. Kwa hiyo mtu akiumwa, usianze kubishana juu ya tarehe. Osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Kisha mpeleke mtu huyo zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya pale Tukuyu siku hiyo hiyo, ili apate chanjo. Mbwa asiuawe ovyo kama anaweza kufungwa salama. Afungiwe na mtaalamu wa mifugo amwangalie kwa siku 10. Kichaa kikishamwanza mtu, karibu kila mara huua. Kabla hakijaanza, chanjo humwokoa.

Na kinga ya mwanzo ni kumchanja mbwa mwenyewe kila mwaka. Siku ya chanjo ikitangazwa kijijini, peleka mbwa wote, madume na majike. Usimwache nyumbani jike kwa sababu ana mimba au maziwa. Wataalamu wanasema kwamba mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea. Kila tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa. Iandike nayo katika daftari.

KUZUIA YASIRUDI

Mbwa aliyepata mimba ya uongo mara moja anaweza kuipata tena baada ya joto lijalo. Watu wengine husema dawa ni kumwacha azae. Hiyo si kweli. Kuzaa hakuzuii mimba ya uongo ya safari nyingine, na huleta watoto sita au saba wasio na mlezi, ambao huishia kutanga sokoni bila chanjo.

Njia ya kudumu ni upasuaji wa kumtoa vifuko vya mayai na kizazi. Mbwa huyo hatapata joto tena, wala mimba ya uongo, wala usaha kizazini. Upasuaji usifanywe wakati ana maziwa, maana hali hiyo inaweza kuendelea. Ungoje ziishe dalili. Muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako akuelekeze kwa daktari wa mifugo.

Jambo jingine ni la kuonya. Usimchome mbwa sindano ya uzazi wa mpango ya wanawake. Kichocheo kilichomo ni cha jamii ile ile inayoandaa kizazi kwa usaha, na unaweza kumwua mbwa uliyetaka kumsaidia.

Na kumbuka kwamba ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama ni kosa.

MASWALI YA MAJADILIANO

Someni habari hii pamoja, nyumbani au katika kikundi chenu, kisha mjibu maswali haya:

1. Mbwa wako jike alipata joto lini mara ya mwisho? Kama hujui, utaanza kuandika lini?

2. Taja tofauti mbili kati ya mbwa mwenye mimba ya uongo na mbwa mwenye usaha kizazini.

3. Mtoto ameumwa na mbwa anayelinda shimo lake. Mtafanya nini katika saa ya kwanza?

4. Katika kijiji chenu, mbwa wangapi hawajachanjwa mwaka huu? Nani atapeleka habari hiyo kwa mtaalamu wa mifugo?