Kupotea Njia Ndiko Kujua Njia

Mwanzoni mwa muhula niliwataka wanafunzi wangu waandike malengo yao ya mwaka. Takriban wote waliandika jambo moja: kupata alama ya A. Nilipokuwa nikikusanya karatasi, msichana mmoja aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, nawe umeandika lipi?" Sikuwa na jibu. Kwa miaka sita nimeahidi kurudi chuoni, na kila Desemba huikuta ahadi hiyo pale pale ilipoachwa na Januari.

Usiku huo nilimkumbuka Eliud Kipchoge. Mnamo Mei 2017, huko Monza, Italia, alijaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili, akazipita kwa sekunde 25. Yeye, ambaye ana desturi ya kuandika mazoezi yake daftarini, hakuliacha lengo lile. Jaribio la pili lilipoandaliwa, mpango ndio uliogeuzwa: wakimbiaji wengi walipokezana kumwongoza, wakipangwa kwa umbo jipya ili wamkinge upepo. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Austria, alimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini lengo lilitimia.

Sisi wengi hufanya kinyume. Kila mwaka twabadilisha lengo, ilhali njia ni ile ile iliyotukwamisha.

Basi nilifungua daftari, nikaandika kilichonizuia badala ya ninachokitaka. Hakikuwa karo, kama nilivyozoea kujitetea. Kilikuwa haya ya kuketi darasani pamoja na vijana niliowafundisha. Nilipolitambua hilo, njia nyingine ilifunguka: nitaanza na somo moja wakati wa likizo, na mmoja wa vijana hao hao, aliyenitangulia chuoni, amekubali kunielekeza.

Nimewarudishia wanafunzi karatasi zao waandike upya, kila mmoja akitaja kwanza alikopotezea alama. Yule msichana ameandika: "Insha zangu haziishi kwa wakati. Nitaandika moja kila Jumamosi, saa ikiwa mezani." Hilo sasa ni lengo.

Walimu wenzangu, kabla ya kuwauliza wanafunzi waendako, tuwaulize walikokwama. Nasi tuandike pamoja nao, kwani swali lile litatufikia.