Kuhudhurisha Moyo Siku za Sikukuu

Ipole, kijiji cha wilaya ya Sikonge kilichoko kusini ya Tabora, katika misitu ya miyombo ambayo tangu kale imewalisha watu kwa asali na nta, huufikia mwisho wa mwaka katika wakati wa kazi nyingi kupita kiasi. Kwani siku zile zile ambazo ndugu huteremka mabasini na mizigo yao kuja kula Krismasi, mvua zimekwisha kukolea, miche ya tumbaku yangoja kuhamishwa kutoka kitaluni, fedha za mauzo yaliyopita zimekwisha, na Januari yaja na sare, viatu na madaftari ya watoto. Si ajabu, basi, mama wa nyumba akilala macho, moyo wadunda, ilhali nje watu wanacheka.

Mwaka 1936 Hans Selye, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alieleza ya kwamba miili ya panya waliopatwa na madhara ya namna mbalimbali hujibu kwa namna moja. Leo twajua njia yenyewe: sehemu ndogo ya ubongo, haipothalamasi, huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi zilizo juu ya mafigo zimwage kortisoli, wakati adrenalini imekwisha kutangulia kuharakisha moyo. Kwa mtu aliyekutana na chui njiani, hiyo ni neema. Lakini deni la pembejeo halikimbiliki, wala maneno ya mawifi hayaishi kwa saa moja, na mwili hubaki umejiandaa kwa vita isiyofika.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa zoezi ambalo Jon Kabat-Zinn, akichota katika taamuli za Kibudha, alianza kuwafundisha wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979: kuhudhurisha moyo katika jambo lililopo, na fikira zikitoroka, kuzirejesha pasipo kujilaumu. Mwenye kupandikiza miche ana fursa hiyo shambani: tundu katika tuta, mizizi iliyoshika udongo mbichi, vidole vinavyoshindilia pembeni mwa shina, kisha pumzi itolewe taratibu kabla ya kuinukia mche wa pili. Pumzi inapotoka polepole, neva ya vagasi huupunguzia moyo mwendo, na ubongo hupata habari ya kuwa hatari haipo.

Uchambuzi wa majaribio 47 uliochapishwa mwaka 2014, wenye washiriki zaidi ya 3,500, uliona kuwa mafunzo ya namna hii hupunguza wasiwasi kwa kiasi cha wastani, bila kuthibitika kuwa yanashinda dawa au mazoezi ya viungo. Mimi naipenda hukumu hiyo ya kadiri, kwa kuwa yatuzuia tusimwambie mama avute pumzi huku kuni, maji na sufuria zote zimemwangukia yeye peke yake. Hapo wa kwanza kutibiwa ni mgawanyo wa kazi, na hesabu ya matumizi ijadiliwe na mume na mke kabla mgeni hajabisha hodi.

Tena wako ambao sikukuu huwaamshia msiba, nao wakikaa kimya kwa zoezi hili huzuni huwafurika badala ya kutulia. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe: afumbue macho, aende kuzungumza na mtu amwaminiye, na usingizi ukimkataa siku nyingi, afike zahanati.