Samaki wa Kisangani Katika Soko la Bunia

Niliwahi kupewa nisome kazi ya mwanafunzi mmoja juu ya biashara ya samaki katika soko kuu la Bunia, mkoani Ituri, Kongo. Jalada safi, utangulizi umejaa: problematiki, hipotezi, mipaka ya mahali na ya wakati. Nilipofika katikati nikasoma kwamba samaki huletwa sokoni kwa mitumbwi kutoka mto Kongo. Nikacheka, kisha nikasikitika. Mto Kongo unapita Kisangani, si Bunia. Kapitene na makayabo (samaki wa chumvi) tunaokula hapa wanatoka Ziwa Albert, wanapandishwa mlima kwa gari kutoka Kasenyi na Tchomia. Kazi ya watu ilichukuliwa nzima, jina la mji likabadilishwa, mto ukasahauliwa.

Uvivu upo, sikatai. Ila mara nyingi mtu huiba kwa sababu amejitwika mzigo asioweza kuubeba. Mada kama "Biashara ndogondogo na maendeleo ya Ituri" haiandikiki na mwanafunzi mwenye mwezi mmoja, simu yenye bando ya kuhesabu na pesa kidogo ya kibanda cha kuchapia. Tangu mfumo wa masomo wa LMD (Licence-Maîtrise-Doctorat) uanze kuenezwa nchini mwaka 2021, TP, yaani kazi za kuandika za wanafunzi, zimekuwa nyingi, na tarehe ya kuziweka mezani haimsubiri mtu.

Muitalia Umberto Eco aliwaandikia wanafunzi wa nchi yake kitabu juu ya kuandika tasnifu mwaka 1977, akiwafikiria hasa wale wasio na pesa wala maktaba kubwa. Alifanya jaribio: akaingia maktaba ya Alessandria, mji mdogo alikozaliwa, akakaa alasiri tatu tu, apate kuona mwanafunzi wa pale angeweza kuanza na nini. Akatoka na orodha ya vitabu vya kutosha kuanzia. Shauri lake kubwa ni kwamba mada ikiwa nyembamba, kazi inakuwa rahisi na salama zaidi.

Basi kata mada. Achana na maendeleo ya Ituri, chukua wamama wauza makayabo wa safu moja, kwa wiki mbili. Kufika Kasenyi si lazima ikiwa barabara si salama. Andika wazi kwamba hukufika, kisha waulize wanaoshusha mzigo mjini. Hiyo ndiyo mipaka ya kweli, si ile ya kujaza ukurasa.

Hapo sokoni ndipo kazi inapokuwa tamu, na ngumu. Mwanafunzi anafika na karatasi ya maswali ya Kifaransa, anatafsiri papo hapo: "Mama, kwa mwezi unapata ngapi?" Mama anamtazama. Kwanza anataka kujua kama huyu ni mtu wa kukusanya kodi. Pili, yeye hahesabu kwa mwezi, anahesabu kwa beseni. Muulize: beseni hili ulilichukua kwa ngapi, limekaa siku ngapi, samaki ngapi zimeoza, ngapi umekopesha? Atakuambia yote, na atakuongezea habari za likelemba, ule mchango wa pesa wa zamu, ambazo hukuuliza. Likelemba hiyo ukiiandika "tontine" tu, umepoteza nusu ya maana. Eleza wako wangapi, nani anashika pesa, zamu inafuatana vipi. Andika maneno yake kwa Kiswahili kwanza, kama alivyoyasema, siku hiyohiyo kabla ya kulala. Kifaransa kitakuja baadaye, nacho kitakuwa chepesi kwa sababu kuna kitu cha kusema.

Utangulizi uandikwe mwisho. Najua wengi wanaanza nao, wanakwama humo wiki mbili wakitafuta maana ya neno "biashara" katika kamusi, kana kwamba kuna mtu Bunia asiyeijua.

Kwenu walimu na maasistanti nina ombi moja. Mdai daftari la sokoni liletwe pamoja na kazi iliyochapwa, hata kama lina madoa ya mafuta ya samaki, na mlipe alama zake.