Mgeni wa Maji Naye Apewe Jembe

Maji hayajui mpaka wa wilaya, wala hayajui mkondo wa bahari. Mfanyabiashara wa Unguja au Pemba ashukaye botini Dar es Salaam asubuhi, akaelekea Kariakoo kutafuta nguo, vyombo au vipuri, jioni hurejea na mzigo wake. Hurejea pia na maji aliyokunywa kwa mama lishe wa Mtaa wa Kongo. Maji yakiwa salama, salama ni yake na ya nyumba yake. Yakiwa na maradhi, maradhi nayo yamepata abiria. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam mwezi Agosti, na ilipofika Septemba kilikuwa kimekwishaingia Zanzibar. Basi asidhani mtu wa Visiwani kwamba bomba la Kariakoo ni shauri la watu wa Bara peke yao.

Kwa sababu hiyo tunapenda leo kuzungumzia wageni wanaokuja kwetu kwa kujitolea, ili watusaidie kupata maji safi na salama. Wageni hao si wapya. Tangu mwaka wa Uhuru, 1961, vijana na mafundi wa kujitolea kutoka Uingereza, Marekani na kwingineko wamekuwa wakifika nchini. Wengi walikuja kwa nia njema, na nia njema haibezwi. Lakini nia njema peke yake haijazi mtungi.

Historia ni shahidi. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji katika umbali usiozidi mita 400. Nchi rafiki ziliitikia. Wafini walikwenda Mtwara na Lindi. Waholanzi Shinyanga, kisha Morogoro. Wadenishi Iringa, Mbeya na Ruvuma. Waswidi Kagera, Mara na Mwanza. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufikiwa. Pampu nyingi zilisimikwa kwa sherehe, fundi akarudi kwao, kipuri kikakosekana, dizeli ikaisha, na kina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. Hata ukaguzi uliofanywa na Wizara ya Maji kati ya mwaka 2011 na 2013 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya vituo vya maji vijijini havifanyi kazi.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu wageni. Palikuwapo pia kazi iliyofuata njia iliyonyooka. Mradi wa Waholanzi wa Morogoro, ulioanza mwaka 1978, ulijali kwamba pampu za mkono zitengenezwe papo hapo Morogoro. Mpango wa HESAWA kandokando ya Ziwa Viktoria, ulioanza mwaka 1985 na kumalizika mwaka 2002, uliwataka wanakijiji wenyewe wachimbe, wachange na wachague mtunzaji wa kisima chao. Mgeni alikuwa mshiriki wa msaragambo. Mwenye kisima alikuwa mwenyeji.

Tuitazame sasa Kariakoo. Kwa sehemu kubwa maji ya bomba ya jiji yanatoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959. Ule wa Ruvu Chini ulijengwa mwaka 1976 kwa msaada wa Kanada, na baadaye fedha za Marekani zikaupanua kutoka lita milioni 180 hadi lita milioni 270 kwa siku. Maji yakitoka mtamboni yamechujwa na kutiwa klorini. Huharibikia njiani.

Sababu yake inafahamika. Maji yanapokatika, bomba hubaki tupu, na utupu huo hufyonza tope na majitaka kupitia nyufa na viungio vilivyolegea. Maji yakirejea huusukuma uchafu huo mpaka kwenye bomba la mwananchi. Hivyo kila mgao ni hatari ya afya juu ya kuwa usumbufu. Mwezi Oktoba 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka kwa ukame, jiji liliingia katika mgao mkali, na mwezi Novemba visima vya Kigamboni vikaanza kulisaidia. Tena maji yakifika salama, hulala katika tangi la ghorofani ambalo pengine halijasafishwa kwa miaka, hutiwa katika madumu ya mikokoteni, kisha hutekwa kwa kikombe kimoja kinachozunguka mikononi mwa watu wengi.

Kwa hali hiyo, mgeni wa kujitolea anayekuja Kariakoo asije na shoka la kuchimbia. Kisima kirefu katikati ya msongamano wa vyoo na mashimo ya majitaka chaweza kutoa maji mengi yasiyofaa kunywewa. Aje na elimu ya kupima. Klorini inayobaki katika maji yafikapo kwa mnywaji isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Nayo hupimwa kwa kidonge kidogo kinachogeuza rangi ya maji. Kazi hiyo kijana wa mtaa huifahamu kwa asubuhi moja. Mgeni akimfundisha kijana huyo, naye akawafundisha wenziwe kumi, mgeni akiondoka kipimo kinabaki mtaani.

Kwa viongozi na watendaji wa Serikali tuna maneno matatu. La kwanza, mgeni asipokewe bila mwenzi wa kudumu. Serikali ya mtaa, afisa afya, DAWASA, umoja wa mama lishe na wasukuma mikokoteni wakae naye tangu siku ya kupanga, wala wasiitwe siku ya kukata utepe. La pili, kabla ya kutia saini mwulize swali moja: kitakapoharibika, nani atakitengeneza, na kwa fedha ya nani? Asiye na jibu arudi akalitafute. La tatu, tuache ugonjwa wa posho. Kuna mikutano ya maji ambayo maji pekee yaliyopatikana ni yale ya chupa mezani.

Wala ubia na mgeni si lazima uwe wa kujitolea ndipo uhitaji tahadhari. Mwaka 2003 maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka kumi. Mwaka 2005 Serikali ikauvunja. Hapo tulijifunza kwamba msimamizi wa maji ya wananchi hana budi kuwajibika kwa wananchi.

Ndugu zetu wa Visiwani wanayajua mambo haya. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi za upande wa Bububu. Katika miaka ya 1990 Wafini walisaidia maji ya Mjini Unguja, na mwaka 2006 ikaundwa ZAWA. Ardhi ya mawe ya matumbawe hupitisha uchafu upesi, na kisima kilichovutwa kupita kiasi karibu na pwani huingia chumvi. Kwa hiyo kipimo kinachotakiwa Kariakoo kinatakiwa pia Darajani na Chake Chake.

Wazee wetu walihesabu kisima kuwa sadaka yenye kuendelea, ambayo thawabu yake haikatiki maadamu watu wanakunywa. Sharti lake limo humohumo: watu waendelee kunywa. Kisima kilichokauka mwaka wa pili si sadaka, ni shimo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi twaongeza kwamba jembe hilo liwe na mpini wa mwenyeji. Milango yetu iko wazi kwa kila rafiki wa kweli. Lakini kuosha tangi, kuziba bomba linalovuja, kupima klorini na kuchemsha maji ya kunywa ni kazi yetu sisi wenyewe, na haingoji ndege itue.