Mashapo, Mche na Dalili: Istilahi za Kusomea Historia ya Ziwa Tanganyika

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa upande wa Tanzania tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Wavuvi wa Kibirizi na Ujiji walistahili kuelezwa, kwa lugha waielewayo, mambo yanayowapunguza samaki. Sehemu ya maelezo hayo imo katika taarifa za kitaalamu zilizoandikwa kwa lugha za kigeni, na mtafsiri azishikapo hukwama mapema. Katika makala haya tunajadili istilahi tatu, pamoja na elimu inayobebwa nazo.

(a) Mashapo. Kila mtu wa Kigoma anayajua mashapo yanayobaki chini ya debe la mawese. Ziwa nalo lina yake: udongo wa mito, vumbi na mabaki ya viumbe hutuama chini mwaka hata mwaka. Kina cha ziwa hili hufika mita 1,470 hivi, na maji yake ya chini hayana oksijeni. Kwa hiyo hakuna mnyama wa kuyavuruga mashapo hayo, nayo matabaka hubaki katika mpangilio wake. Neno "tope" si kosa, ila halionyeshi kutuama huko.

(b) Mche. Watafiti hudidimiza bomba katika mashapo na kulitoa likiwa limejaa. Tukikiita kilichomo "kiini", tutampoteza msomaji, maana kiini ni sehemu ya katikati, kama kiini cha yai. Kitu hiki ni kirefu na hukatwa vipande kama mche wa sabuni. Basi na kiitwe mche wa mashapo. Kipande cha juu ni cha miaka ya karibuni, cha chini ni cha kale.

(c) Dalili. Hapa pana uzito zaidi. Hapakuwa na kipimajoto ziwani mwaka 500, lakini walikuwapo akea, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Utando wa miili yao umejengwa kwa mafuta ambayo huwa na pete nyingi zaidi za kaboni kadiri maji yanavyozidi joto. Akea wakifa, mafuta hayo hutuama na kuhifadhiwa. Kwa kupima pete hizo, watafiti hukadiria joto la zamani. Njia hiyo hutumika pia katika bahari za ncha za dunia. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walieleza kwamba joto la maji ya juu ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 20 halikuwa na kifani tangu mwaka 500.

Kipimo cha namna hii huitwa kwa Kiingereza kwa neno lile lile la mtu apigaye kura kwa niaba ya mwenziwe. Kulitafsiri kwa "wakala" ni upotovu. "Shahidi" nalo halifai, kwa sababu shahidi husema aliyoyaona. Mafuta ya akea hayasemi. Huashiria, kama homa iashiriavyo ugonjwa, na lazima mtaalamu ayafasiri. Tunapendekeza "dalili".

Tofauti hii si ya maneno matupu. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, na pepo za kusi hushindwa kuyachanganya na maji ya chini yenye rutuba. Miani hupungua, na dagaa hukosa chakula. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake, wakitumia uwiano wa kaboni nyepesi na kaboni nzito katika mashapo, walikadiria kuwa uzalishaji wa miani huenda ulipungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa asilimia 30 hivi. Mtumishi wa serikali akiandika "imethibitishwa kuwa samaki wamepungua kwa asilimia 30", ameligeuza kadirio kuwa hesabu ya mizani. Akiandika "dalili za mashapo zaonyesha kuwa huenda", amemtendea haki mtafiti na mvuvi pia. Maana mvuvi asiyeambiwa habari ya joto la maji hudhani lawama yote ni ya wavu wake, na aambiwaye kwamba ni joto tu huacha kuuangalia wavu huo.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayapime mapendekezo haya kazini, nasi tutayapokea maoni yao kwa shukrani.