Sauti Nyingi, Mikono Miwili

Wimbo wa Kisamburu unaoimbwa Oldonyiro, magharibi mwa Kaunti ya Isiolo, hausubiri ala. Mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia, na chini yao koo za wanaume zinavuta pumzi nzito inayoshika mwendo. Mwalimu wa kwaya anayetaka kuuhamishia wimbo huo kwenye kinanda cha kanisa anakutana na swali linalomkabili pia anayehamisha utangulizi wa opereta ya vichekesho kutoka okestra: umati huu utaeneaje mikononi mwa mtu mmoja? Hauenei. Kinachohamishwa ni kazi ya kila sauti, wala si noti zake zote.

Tuchukue Orphée aux enfers ya Jacques Offenbach, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1858. Utangulizi wake unaopigwa sana leo hakuutunga yeye. Carl Binder aliuunganisha kutokana na tuni za opereta hiyo kwa maonyesho ya Vienna ya 1860. Hata utangulizi wa The Mikado ya Arthur Sullivan (1885) uliandaliwa na msaidizi wake, Hamilton Clarke. Kwa hiyo anayeuhamisha muziki wa namna hii leo hanajisi kitu; anaendeleza kazi ya kuchagua iliyoanzwa na watu kama Binder na Clarke.

Sasa tutazame mwisho wa utangulizi wa Binder, ile dansi ya kasi ambayo dunia nzima inaijua kwa jina la kankani. Tuni iko juu, besi inagonga chini, na kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinajibu katikati. Kwenye kinanda cha mabomba, mkono wa kulia unachukua tuni, miguu besi, na wa kushoto kodi. Noti zilizorudiwa na ala kadhaa zinaachwa, maana safu moja ya mabomba inaweza kuongezewa nyingine kwa kuvuta kishikio tu.

Ugumu uko kwingine. Bomba hulia kwa nguvu ileile muda wote kidole kikiwa juu ya ufunguo; kubonyeza kwa nguvu hakuongezi sauti. Msisitizo basi unatokana na ukimya: noti inakatwa mapema ili inayofuata isikike imeanza. Kanisa likiwa na mwangwi mrefu, ukimya huo urefushwe na kasi ipunguzwe, la sivyo dansi inageuka uji. Pale fidla inapoimba peke yake, tuni ipewe safu yake ya funguo na sauti yake, ili isimezwe na wasindikizaji.

Kanuni ya kuhamisha kazi ya kila sauti inafaa Oldonyiro hata kwa kinanda kidogo cha umeme kisicho na funguo za miguu. Mkono wa kulia ushike tuni ya mwanzilishi, na kodi chache ziingie kwa waitikiaji pekee, ili majibizano yasikike. Zile pumzi za koo zipewe noti fupi za chini katika mkono wa kushoto. Ngoma iliyorekodiwa ndani ya kinanda izimwe: mapigo yake hayabadiliki, ilhali waimbaji husogeza mwendo pamoja kadiri wimbo unavyopamba moto. Na kama waimbaji wenyewe wapo, mpigaji awaachie pumzi hizo na kuondoa mkono wa kushoto kabisa. Uhamishaji mzuri hupimwa kwa jambo hili: msikilizaji anayeujua wimbo anatambua nani anaita, nani anajibu, na mwendo umeshikwa na nani.